Maharage, Meno ya Kahawia na Mwanzo wa Uhai

Ukienda kununua magadi soko la Mbuyuni, Moshi, muuzaji hakuulizi unataka kilo ngapi. Anakuvunjia bonge la ukubwa wa kidole gumba, analifunga kwenye kipande cha gazeti, na kama ni mama mtu mzima anakuongezea onyo: "Usizidishe mwanangu, kande zitakuwa chungu." Bonge hilo linatosha sufuria nzima. Maharage makavu ambayo yangemaliza kuni za mchana kutwa yanalainika kabla watoto hawajarudi kutoka shule.

Kinachotokea ndani ya sufuria hiyo nilikuja kukielewa ukubwani, na tangu hapo sijaweza kulitazama Ziwa Natron, lile ziwa letu la magadi, wala meno yangu mwenyewe, kama nilivyozoea. Nyama ya harage imeshikana kwa aina ya gundi, na gundi hiyo inakazwa na kalsiamu. Magadi ni chumvi ya sodiamu na kaboneti. Yakiyeyuka, kaboneti inaikamata kalsiamu, sodiamu inakaa mahali pake, gundi inalegea na harage linaiva. Ndiyo maana maji yenye chokaa nyingi hukawiza maharage. Palipojaa magadi, kalsiamu haidumu majini. Naomba msomaji aishike kanuni hiyo moja, kwa sababu kila ninachotaka kusema leo kinaitegemea.

Nimezaliwa Maji ya Chai, kama unatoka Moshi kabla hujafika Usa River. Meno yangu yana madoa ya kahawia, kama yalivyo ya wengi niliocheza nao. Nikiwa darasa la nne, mwalimu mmoja alitupanga mstari asubuhi, akatuamuru tufungue midomo, kisha akatangaza mbele ya shule nzima kwamba sisi ni watoto tusiopiga mswaki. Jioni ile nilisugua meno kwa mkaa hadi fizi zikatoka damu. Hakuna aliyetuambia kwamba madoa yale huingia jino likiwa bado linaumbika ndani ya taya, na kwamba mswaki hauna la kufanya hapo.

Chanzo ni floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Mito na visima vingi kuzunguka Mlima Meru vinapita kiwango hicho mara kadhaa, na katika maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, floraidi inahesabika kwa mamia ya miligramu kwa lita. Tunaambiwa sababu ni miamba ya volkano, na ni kweli miamba ya Meru ina floraidi nyingi. Ila hiyo ni nusu ya jibu. Volkano ziko nchi nyingi, na wengi wanaoishi chini yake wana meno meupe. Nusu ya pili ni kalsiamu. Floraidi ikikutana na kalsiamu ya kutosha majini, hushikana nayo ikawa jiwe na kutuama. Maji yetu, kwa kupita kwenye miamba yenye sodiamu nyingi, yanageuka polepole kuwa maji ya magadi. Kaboneti inaikamata kalsiamu na kuitoa. Floraidi inabaki bila wa kuishika. Inasafiri huru mpaka kwenye kikombe cha mtoto, na kutoka hapo mpaka kwenye jino lake, ambako kalsiamu ipo tele.

Kwa hiyo sufuria ya kande na madoa ya meno yangu ni habari moja. Mwishoni mwa mwaka 2019 ikaongezeka ya tatu. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, Jonathan Toner na David Catling, walichapisha hoja kwamba kanuni hiihii huenda ndiyo iliyoufungulia uhai mlango hapa duniani. Nilipoisoma mara ya kwanza niliinuka nikatoka nje, nikasimama muda mrefu nikiutazama Meru. Lakini ili uzito wa hoja hiyo uonekane, inabidi turudi nyuma sana, nyuma kuliko tulivyozoea sisi watu wa kaskazini.

Tunajivunia ukale. Tuna Oldupai, ambako Mary Leakey aliokota fuvu la zamadamu Zinjanthropus mwaka 1959. Tuna nyayo za Laetoli zenye miaka milioni 3.6. Tuna Kilimanjaro. Basi chukua barabara ya kutoka Moshi hadi mnara wa saa wa Arusha, kilomita 80 hivi, na iwe ndiyo umri wa Dunia, miaka bilioni 4.54. Kila kilomita ni miaka milioni 57. Unapanda Coaster stendi ya Moshi. Kabla hujafika Boma Ng'ombe tayari kuna dalili za uhai: mawe ya Pilbara, Australia, yenye miaka bilioni 3.48, yaliyojengwa tabaka juu ya tabaka na vijidudu. Oksijeni inaanza kujaa angani ukikaribia njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, miaka bilioni 2.4 hivi iliyopita. Unapita Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, na bado hakuna mnyama hata mmoja mwenye gamba. Hao wanatokea ukiwa umeshaliacha soko la Tengeru. Dinosaria wanatoweka umebakiza kilomita moja na kidogo. Nyayo za Laetoli ziko mita 63 kutoka mnara wa saa. Na Kilimanjaro, mlima tunaoudhani umekuwepo siku zote, unaanza kutema moto wake kule Shira katika mita 44 za mwisho, hatua chache tu baada ya kuzipita zile nyayo.

Mawe ya Arusha na Moshi, kwa maneno mengine, ni mageni. Miamba ya kale ya Tanzania iko mbali na hapa, kwenye yale majabali ya Mwanza na Shinyanga yaliyopita miaka bilioni 2.5, na hata hayo hayajafika kwenye mwanzo ninaoutafuta. Mwanzo huo uko kwenye zile kilomita za kwanza, konda akiwa hata hajaanza kukusanya nauli.

Vumbi na mawe yaliyolizunguka jua changa yaligongana na kushikana mpaka yakawa Dunia. Umri wake tuliupata kwa vimondo. Mwaka 1956 Mmarekani Clair Patterson, baada ya kupima madini ya risasi yaliyomo ndani ya vimondo, kikiwemo cha chuma kilichoanguka Arizona, alitangaza miaka bilioni 4.55, na hesabu yake haijasogea sana hadi leo. Urani huvunjika na kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika, kwa hiyo anayejua kuhesabu risasi anajua kuhesabu miaka. Aliyewahi kufika Mbozi, mkoani Songwe, akakigusa kile kimondo chetu cha chuma cha tani 16 hivi, amegusa kitu cha jamii hiyo.

Wanajiolojia wengi wanakubaliana kwamba Dunia ikiwa bado changa iligongwa na gimba la ukubwa wa sayari ya Mirihi, na vifusi vilivyorushwa vikakusanyika kuwa mwezi. Uso wote ukawa bahari ya mawe yaliyoyeyuka. Chuma kikazama katikati kwa uzito wake. Mvuke na hewa ya ukaa vikapanda juu. Halafu ikapoa, tena mapema kuliko tulivyofikiri. Ushahidi wa hilo ni punje. Katika vilima vya Jack Hills, Australia Magharibi, zimepatikana punje za madini magumu yaitwayo zikoni, ndogo kama za sukari, za kale zaidi zikiwa na miaka bilioni 4.4, na oksijeni iliyofungwa ndani yake inaonyesha kwamba mawe yaliyozizaa yalikwisha kugusana na maji. Maji, na Coaster yetu haijamaliza hata kilomita tatu.

Mara nyingi simulizi ya mwanzo wa uhai huanzia kwa Stanley Miller, aliyeonyesha mwaka 1953 huko Chicago kwamba gesi chache na cheche za umeme ndani ya chupa vinatengeneza asidi amino, yaani matofali ya protini. Lilikuwa jaribio kubwa, ingawa gesi alizochanganya hazifanani sana na anga ambayo wengi wanaidhania leo. Sitakaa hapo, kwa sababu matofali yanapatikana. Hata ndani ya vimondo yamo. Kilichowatesa wakemia kwa miongo mingi ni fosforasi.

Tazama inavyohitajika. Uti wa mgongo wa DNA na RNA, zile nyuzi zinazobeba maelekezo ya uhai ndani ya seli, ni sukari na fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, zilizopokezana mwanzo hadi mwisho. Nguvu ndani ya seli hubebwa na fosfeti. Utando unaoizunguka seli umeshonwa kwa mafuta yenye fosfeti. John Sutherland na wenzake walipofanikiwa mwaka 2009, huko Uingereza, kutengeneza vijenzi vya RNA kutokana na kemikali sahili, fosfeti ilikuwa na kazi karibu katika kila hatua, na walihitaji nyingi. Sasa nenda baharini au mtoni ukaitafute: hupati ila chembe. Fosfeti inaponaswa na kalsiamu hugeuka jiwe liitwalo apataiti, na apataiti ni ngumu kuyeyuka. Wakulima wetu wanaijua tabia hiyo bila kuijua kwa jina. Mbolea ya Minjingu, inayochimbwa kando ya barabara ya Arusha kwenda Babati kutoka kwenye mabaki ya ndege wa ziwa la kale, ni fosfeti iliyoshikwa na kalsiamu namna hiyo, na ndiyo maana inafanya kazi vizuri kwenye udongo wenye asidi na kuzembea kwenye udongo usio nayo. Asidi ndiyo inayoilegeza.

Basi uhai ulianzaje kwa kitu ambacho kilikuwa jiwe?

Hapo ndipo Toner na Catling walipoingia na maziwa ya magadi. Katika ziwa lenye kaboneti nyingi, walisema, kalsiamu inakamatwa na kaboneti kabla haijaifikia fosfeti. Fosfeti inabaki huru, na jua linavyoyakausha maji ndivyo inavyozidi kuwa nzito. Walitaja Ziwa Magadi la Kenya, jirani kabisa wa Natron yetu, pamoja na Mono la California na Lonar la India, na wakaonyesha kwamba fosfeti katika maziwa ya aina hiyo inaweza kufika mara 50,000 ya ile ya baharini. Ni kanuni ileile iliyolainisha harage na kuacha floraidi ikitembea huru Maji ya Chai.

Tena wakati ule hapakuwa na mlaji. Katika Natron ya leo fosfeti inafyonzwa na vijidudu vya kijani, vijidudu vinaliwa na flamingo, na hesabu inapungua kila siku. Charles Darwin aliliona jambo hili mapema: katika barua ya mwaka 1871, alikowaza juu ya kidimbwi cha maji ya uvuguvugu, aliandika kwamba kitu cha namna hiyo kingetokea leo kingeliwa mara moja. Kwenye Dunia isiyo na kiumbe bado, ziwa la magadi lingejijaza kwa karne na karne bila kuguswa.

Wapo wasiokubali, na hoja zao si za kupuuzwa. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, wapiga mbizi kwa chombo maalumu walikuta chemchemi za moto kwenye sakafu ya bahari zikiwa zimezungukwa na viumbe wasiohitaji jua. Mwaka 2000, katikati ya Atlantiki, ikaonekana nyingine ya aina tofauti, ya maji ya uvuguvugu yenye ualikali, yaani kinyume cha asidi, iliyopewa jina la Lost City. Pale ambapo maji hayo yanakutana na bahari yenye asidi zaidi kunatokea tofauti ya chaji kama ile ambayo kila seli hai huitumia kujipatia nguvu. Mtu akiniambia kufanana huko ni bahati tu, simwamini kirahisi. Wengine wanasema fosforasi ililetwa na vimondo vya chuma vyenye madini yanayoiachia haraka ikigusa maji, na hilo nalo linawezekana.

Lakini mimi naegemea ziwani, na sisemi hivyo kwa sababu ziwa liko kwetu. Bahari inatawanya kila kitu, na kutengeneza uzi mrefu kama RNA kunahitaji vitu vibanane. Kila kiungo cha uzi huo kinapoungwa hutoa maji, kwa hiyo ni vigumu kuunga ndani ya maji yasiyopungua kamwe. Ziwa la magadi hukauka kiangazi na kujaa masika. Linabananisha, linakausha, linalowesha, linarudia. Halafu kuna vile vifuko vya mafuta vinavyodhaniwa kuwa utando wa kwanza: kalsiamu huviharibu. Ziwa la magadi, kwa mara nyingine, limeshaitoa kalsiamu. Udhaifu wa hoja hii naukubali: ziwa linahitaji nchi kavu, na bado kuna ubishi mkubwa juu ya kiasi cha nchi kavu kilichokuwepo wakati ule. Chumvi ikizidi mno, vifuko hivyo pia hupata tabu. Na bila ozoni angani, miale mikali ya jua ilifika chini moja kwa moja.

Hapa lazima niweke wazi jambo moja, maana najua litakavyopokelewa vijiweni. Uhai haukuanzia Natron. Bonde la Ufa ni changa, na Natron ni ziwa la jana asubuhi ukililinganisha na umri wa Dunia. Tulichonacho ni mfano hai wa kemia ile, na mfano huo haupatikani kila mahali. Ukisimama Engare Sero, kando ya Natron, unaiona kazi yote ikiendelea mbele yako: chemchemi za moto zinaingia pembeni, maji yasiyo na njia ya kutokea, kina kisichofika mita tatu, jua linalofyonza mpaka uso wa ziwa unakuwa ganda jekundu na jeupe. Nyuma yako kuna Ol Doinyo Lengai, volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya magadi. Mwanajiolojia J. B. Dawson alipoieleza dunia habari hiyo mwaka 1962, ilikuwa mara ya kwanza kwa lava ya namna ile kuandikwa. Inatiririka kama mafuta ya taa machafu, ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu wakati lava ya kawaida hupita 1,000, inatoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikishakunywa unyevu wa hewa. Magadi ya ziwa hayatoki Lengai peke yake. Miamba ya bonde zima inachangia. Ila kuona jiwe lililoyeyuka ambalo limeumbwa kwa kitu kilekile tunachotia kwenye maharage, hilo linanitosha kuamini kwamba hatujakielewa tulichokalia.

Na hatujakielewa kwa sababu tumefundishwa kukiona kwa sehemu. Mpishi anajua magadi. Daktari wa meno anajua floraidi. Mhandisi wa maji anajua kipimo cha 1.5. Mtembeza wageni anajua flamingo. Mwanafunzi wa kidato cha nne anajua kwamba kalsiamu iko kundi la pili kwenye jedwali la elementi, anaikariri, anajibu mtihani, na anarudi nyumbani kula kande bila mtu kumwambia kwamba jibu lake limo kwenye bakuli. Hili linaniuma. Swali kubwa kuliko yote, la namna uhai ulivyotokea, tumeliacha liwe la watu wa mbali, ilhali vielelezo vyake viko Mbuyuni vimefungwa kwenye gazeti.

Wapo watakaoniuliza: na Mungu je? Mimi ni Mlutheri, mtoto wa mwinjilisti, na sijawahi kuona kemia ikinipunguzia sala. Kuuliza udongo ulikandwaje si kumpokonya mfinyanzi chungu chake. Nawaomba viongozi wetu wa dini wasiwafungie vijana mlango huu.

Serikali, kupitia Shirika la Taifa la Maendeleo (NDC), ina mradi wa kuchimba magadi Engaruka, wilayani Monduli. Siupingi, viwanda vya vioo na sabuni vinayahitaji. Ninachoomba ni kwamba kabla na wakati wa kuchimba, sampuli za maji na matope ya kila tabaka zihifadhiwe hapahapa Arusha, mahali ambapo watafiti wetu watazifikia. Tuna Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru. Tuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi pale Ngurdoto, kinachotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuchuja maji. Mkaa huo unafanya kazi kwa sababu mfupa ni apataiti: ni kalsiamu na fosfeti, na floraidi ikipita inanaswa. Mafundi wa Ngurdoto, wakimchotea mama maji salama, wanaiendesha kinyumenyume ile kemia ya Toner na Catling. Sijui kama wamewahi kuambiwa.

Kupima fosfeti hakuhitaji mashine ya ajabu. Dawa yenye molibdenamu inatiwa kwenye maji, na fosfeti ikiwemo yanageuka bluu. Inavyozidi kuwa nyingi ndivyo bluu inavyokolea. Nataka darasa la watoto wa Maji ya Chai lipelekwe Momela, kila mmoja na chupa mbili: moja ya floraidi, ambayo imepimwa miaka na miaka, na moja ya fosfeti. Watie dawa wenyewe, wasubiri dakika kumi, na mtoto mwenye meno kama yangu awe wa kwanza kuinua chupa yake kwenye mwanga.